Mizigo ya Wapitao

"...wameshinda tena! Jamani, tena! Mara ya kumi na moja hii!"

Aliyepiga ukelele huo ni mchoraji, na dadu alizozitupa mezani zikaruka mpaka kwenye chai ya watu. Mtunzi wa kanuni akazitazama zinavyozama, wala hakujisumbua kuzitoa. Ofisini walimwita Kanuni. Siku hiyo macho yalikuwa yamemwingia ndani kama mtu anayeuguza.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la viatu, na kazi yao ni kutengeneza mchezo wa mezani. Mnakaa watu wanne, kila mmoja anajifanya mtu wa kabila la kubuni, mnarusha dadu, mnavuka nchi isiyokuwepo kutafuta taji lililopotea. Wapo Wafua Chuma wenye misuli, wapo Watu wa Ngome, wapo Waganga wa Ziwa na dawa zao. Halafu wapo Wapitao, wahamaji wanaofunika nyuso, leo hapa, kesho hawapo, hakuna anayejua habari zao. Hao Kanuni aliwabuni tangu yuko chuoni, akawadekeza kama kitinda mimba. Hawapotei njia, hawashikiki, hawachoki. Basi kila anayewachagua, anashinda! Akiwapunguzia mwendo, wanabaki watu wa kawaida tu waliojifunga vitambaa usoni. Akiwarudishia, wanashinda tena. Wiki ya tatu hiyo anapunguza, anaongeza, anafuta, mpaka karatasi imetoboka.

Bosi akachungulia mlangoni. Kwa jinsi alivyopenda kukata kurasa za wenzake, wakimteta walimwita Mkasi.

"Kanuni, mwanangu. Jumatatu saa nne nakaa mezani mwenyewe. Wakishinda kiulaini hivi tena, sura yao naitoa. Kitabu cha kanuni kinakwenda kuchapwa bila wao."

"Bosi, kurasa ishirini na mbili!"

"Hata zingekuwa mia. Mshindi anajulikana hata hatujakaa, huo ni mchezo gani?"

Mzee alikuwa anasema kweli, na hicho ndicho kilichomchosha Kanuni zaidi.

Jumamosi mchana akajikokota mpaka kwa mama yake, muuguzi mstaafu. Miaka thelathini ya kazi, vituo tisa. Kila akizoea majirani, barua ya uhamisho hiyo. Akamkuta miguu iko kwenye beseni la maji ya moto.

"Mama, nisaidie kuujaribu mchezo. Niko hoi."

"Mimi na dadu? Umri huu?"

Lakini akakubali. Kaka mkubwa na mkewe nao wakavutwa wakae. Mama akapewa Wapitao.

"Wewe kila zamu unahama," Kanuni akamweleza. "Ukihama, unasonga hatua tatu."

Mama akaitazama ramani, akaiweka karatasi yake chini.

"Sihami."

"Mama, ndiyo kazi yao!"

"Nimefika kisimani, pana maji, pana kivuli. Nihame niende wapi? Nimechoka."

"Mama, unatuharibia mchezo bwana," kaka akacheka.

"Nyamaza we! Ulikuwa unahamishwa umelala kwenye kapu la nguo chafu, unajua nini kuhusu kuhama?" Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama akamgeukia bintiye. "Hebu niambie. Hawa watu wako wana vyungu? Wana mikeka, wana wagonjwa?"

"Wanavyo vyote."

"Nani anabeba?"

Kanuni akafungua daftari. Akapekua mbele, akapekua nyuma. Kurasa ishirini na mbili, hakuna mahali mtu amebeba hata kijiko.

"Hakuna kanuni ya kubeba, mama."

"Basi hao hawahami, wanatembea tu. Kuhama ni lori linanguruma nje, wewe umesimama mlangoni unachagua: kabati au cherehani? Cherehani yangu iko kituo cha nne mpaka leo. Sijui inamshonea nani."

Aliyasema hayo bila uchungu, huku anajikanda kifundo cha mguu. Kanuni akaomba kalamu.

Jumapili nzima akaandika. Anayecheza Wapitao akitaka kuhama, anaacha kitu kimoja: chombo, mnyama, au jambo analolijua. Kila kitu Kanuni alikiandikia kadi, na mchezaji anailaza pale alipopiga kambi. Mwingine yeyote akipita hapo, anaiokota na kuitumia. Mwendo wao hakuugusa hata kidogo.

Jumatatu, saa nne kamili, Mkasi akachukua Watu wa Ngome. Karani akachukua Waganga, mhasibu Wafua Chuma. Mchoraji, kama kawaida yake, akakimbilia Wapitao, na safari hii akajuta.

"Usiniharakishe! Mbuzi au kamba? Jamani, mbuzi nimeshampa jina!"

"Acha mbuzi, twende," karani akamsukuma.

"Moyo huna wewe."

Akaacha kamba. Akaacha ngoma. Mbele kidogo akaacha ujuzi wa kusoma nyota, akajifuta uso kama aliyetoka msibani. Mkasi akaiokota ile kamba, akavukia nayo korongo, akafika kwenye taji mbele ya Wapitao kwa hatua mbili tu.

Kanuni akasubiri kelele za ushindi. Hazikuja. Mzee alikuwa ameshika kadi nyingine aliyoiokota njiani, anaisoma kwa mara ya tatu: Kengele ndogo, imefungwa kitambaa isilie.

"Kwa nini waliifunga?"

"Bosi, kwanza wanabaki kitabuni au hawabaki?"

"Wanabaki, wanabaki! Usiguse hata nukta." Akamsogelea na kiti chake. "Isilie asiisikie nani? Watu hawa wanamkimbia nani?"

Kanuni alikuwa ameshalaza shavu mezani, katikati ya dadu na makombo ya biskuti. Wiki tatu zote zikamshukia kwa pamoja, mabegani, mgongoni, kwenye kope.

"Bosi, hata ulimi umechoka," akasema, amefumba macho. "Kesho. Kesho nikishalala, nitakusimulia walikotoka na aliye nyuma yao."