Mnada wa Vitu vya Solange

Solange alikufa kabla sijamjua mume wangu, na bado ndiye mwanamke anayependwa zaidi katika nyumba yangu. Nasema yangu, lakini ungeingia kwetu Mudzipela, mtaa wa Bunia, ungeona saa ya ukutani ya Solange, cherehani ya Solange, pasi ya makaa ya Solange, na sahani za bati zenye maua ambazo baba yake alipewa na wazungu wa kahawa kule Boga. Hata jina ninalomwita mume wangu, Papa Dorcas, linatokana na mtoto aliyezaliwa na Solange. Mimi ni Mbambu, nauza unga sokoni, na wivu wangu siuonei haya.

Wazo la mnada lilikuwa langu. Kuna kundi la WhatsApp la vitu vya zamani: watu wa Bunia wanaweka picha, na ndugu zetu walioko Bruxelles, Lyon na Kampala wanashindana kupandisha bei mpaka jioni. Anayetaja bei ya juu anachukua, na mzigo unaondoka na msafiri yeyote mwaminifu. Nilimwambia Katsuva, ndiye mume wangu huyo, kwamba vitu vinaliwa na kutu bure wakati Dorcas anadaiwa minerval, ada ya masomo, chuoni Kisangani. Sikumwambia kwamba nataka kuta zangu.

Akakubali, nikafurahi mno. Sikujua kanuni ya kundi: kitu kisicho na historia hakipati bei. Muuzaji lazima aeleze kwa sauti kilikuwa cha nani na kimepitia wapi. Basi mume wangu, mtu ambaye nikimuuliza habari za kazini hunijibu "iko muzuri" akanyamaza, alikaa barazani na simu mdomoni akaisimulia ile pasi ya makaa mpaka chai yake ikapoa. Jinsi Solange alivyokuwa akipuliza makaa. Jinsi alivyoimba akinyoosha mashati ya kwaya. Nilikuwa pembeni yake napepeta maharagwe, na nusu yake niliyamwaga chini.

Pasi iliuzwa kwa bei ambayo hatukuitarajia. Zikafuata sahani, kisha saa. Kila kitu kilipotoka mlangoni, Solange alizidi kuingia. Watu wa kundi walianza kumpenda. "Mama Solange alikuwa mwanamke kweli," waliandika, na vile vikatuni vinavyolia machozi. Mnunuzi mmoja wa Bruxelles, Viviane, mwenye pesa na asiye na kazi, aliuliza kila asubuhi: "Leo Solange ametuletea nini?" Nilitamani kumjibu kwamba Solange hajaleta kitu, anayefuta vumbi ni mimi.

Cherehani ilipoondoka, kuta zikabaki wazi. Nilipaswa kumshukuru Mungu. Badala yake roho iliniuma kwa jambo jingine: yote hayo ameyasema juu yake, je, juu yangu angesema nini? Nililala na swali hilo, nikaamka nalo, nikapima unga nalo. Mwishowe nikatoa birika langu la shaba.

Birika hilo nyanya yangu mzaa mama alipewa na masista wa Butembo. Nililifunga mgongoni kama mtoto tulipokimbia vita upande wa Beni. Na siku Katsuva alipokuja kwa baba yangu kuniposa, hapa hapa Bunia, nilimmiminia chai kutoka humo. Mkono ukanitetemeka, chai ikamwagika kwenye suruali yake nyeupe, naye akasema haichomi. Ilikuwa inachoma. Hapo ndipo nilipompenda.

Sikumkumbusha neno. Nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa, nikaliweka mbele yake. "Papa Dorcas, uzisha na hii."

Akaligeuza, akatabasamu. Nilimwona akitabasamu, na mimi mtu mzima moyo ukanidunda kama msichana. Akabonyeza simu.

"Hii birika," akasema, "siwezi kuisahau. Siku ya kwanza nilifikaka kwabo, alinimwangia chai ku suruali. Mukono ilikuwa inatetemeka. Ikanichoma kabisa, nikasema haichome. Kuanzia ile siku nikajua huyu njo bibi yangu." Akafuta macho yaliyolowa. "Solange wangu."

Hakuwa anatia chumvi. Akidanganya huwa anakuna shingo, na hakuikuna. Alikumbuka kila kitu, chai, suruali, mkono. Kilichobadilika ni mwanamke tu.

Bei zilianza kupanda pale pale, Viviane akiwa mbele.

"Papa Dorcas," nikamwambia, "ile mukono ilikuwa ya nani?"

"Ya Solange."

"Solange alikuwa amekufa. Ulikuja kuniomba miye, kwa baba yangu. Ile suruali niliifula miye, na doa haikutoka."

Aliniangalia, akaliangalia birika, nikamwona anatafuta kichwani kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Njo weye?" akauliza polepole.

Nilimnyang'anya simu nikasema ndani ya kundi: "Miye niko Mbambu, bibi ya sasa ya Katsuva. Birika iko yangu. Mukono iko yangu. Na ile siku iko yangu."

Kisha Viviane akaandika: "Pole sana mama. Kama haiko ya Solange, miye naacha." Wengine nao wakajitoa, mmoja mmoja, kwa adabu. Hakuna aliyetaka birika la mke aliye hai.

Katsuva alisoma hadi mwisho. Nilingoja neno lake, lolote lile, hata la uongo ningelipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza kama ndani hakukubaki kitu kingine cha Solange.

Nikamwambia kimebaki kimoja, nacho ndicho kinachoniuliza.