Mtoa Hoja Hayupo

Asubuhi ile Fundi hakunywa chai. Alikula kipande cha mkate mkavu, akakitafuna polepole mpaka kikakubali kushuka, na mumewe alipomsogezea kikombe, akakisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Hata maji?" mumewe akauliza.

"Hata mate, nikiweza, nitayatema nje kabla sijaondoka."

Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa, alikuwa akichambua maharage mlangoni. Akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mwanangu, mimi nimezaa sita, najua kubana. Kaa wima, bana magoti, na usicheke hata wakisema upuuzi."

"Watausema tu, mama."

"Ndiyo maana nimekwambia mapema."

Ukiwasikia hivi unaweza kudhani Fundi alikuwa anakwenda kupimwa hospitali. La. Alikuwa anakwenda kazini. Kwa miaka kumi na minane alikuwa fundi cherehani, na bado alikuwa, lakini tangu mwaka uliopita alikuwa pia diwani wa kata yake, mwanamke peke yake kati ya madiwani kumi na wanne. Na jengo la halmashauri lilijengwa na watu ambao haikuwapitia akilini hata mara moja kwamba siku moja mwanamke angekaa humo zaidi ya muda wa kufagia. Choo kilikuwa kimoja, cha wanaume, na mlango wake ulikuwa hatua tatu nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Mwanamke akibanwa, sharti atoke nje, avuke uwanja, aende mpaka bohari, amtafute mtunza bohari mwenye ufunguo, kisha azunguke nyuma ya rundo la matofali. Kwenda na kurudi ni robo saa, tena hapo mtunza bohari asiwe kwenye simu. Na mtunza bohari alikuwa kwenye simu siku zote.

Fundi alikuwa na hoja moja tu. Zahanati ya kata yake haikuwa na chumba cha kuzalia. Kilichokuwepo ni kitanda kimoja nyuma ya pazia, na upande wa pili wa pazia ndipo watu wanaposafishiwa vidonda. Mama akianza kusukuma, mtu aliyejikata na shoka anasikia kila kitu, na wengine hawaoni haya kumshauri. Mumewe mwenyewe alizaliwa pale. Tangu siku hiyo kilichobadilika ni pazia, na hilo pazia jipya alilishona Fundi kwa mkono wake. Siku aliyokwenda kulitundika alimkuta msichana wa miaka kumi na tisa amejiuma mkono mpaka damu, kwa sababu upande wa pili alikaa baba mkwe wake na alikuwa anaona aibu kulia. Fundi alirudi nyumbani, akaliambia cherehani lake kwamba atagombea. Mumewe alisikia, akajua mambo yameiva.

Matofali na mabati yalikuwepo bohari, yanatosha jengo moja. Tatizo ni kwamba Mwenyekiti naye alikuwa na jengo lake kichwani: banda la magari ya halmashauri, yasipigwe na jua. Mambo ya uzazi, alipenda kusema, ni mambo mazuri sana, lakini ni ya akina mama wenyewe kuzungumza huko kwao.

Hoja ya Fundi ilikuwa namba saba kwenye orodha ya kila kikao. Na kanuni za baraza zilisema hivi: hoja ikiitwa na mtoa hoja hayupo, imeanguka. Ikianguka mara nne, hairudi tena mpaka lichaguliwe baraza jingine. Mwenyekiti alikuwa na ruhusa ya kuruka namba na kuzirudia atakavyo. Mara ya kwanza Fundi alirudi kutoka bohari akaambiwa namba saba imeshapita, akasema ni bahati mbaya. Mara ya pili akajilaumu kwa kunywa maji. Mara ya tatu aliwaacha wanabishana namba nne, akarudi anahema, viatu mkononi, akawakuta wako namba nane, na diwani aliyekaa jirani naye, mwuza nyama wa sokoni waliyemwita Bucha, anatazama dari kwa bidii sana. Njiani kurudi nyumbani ndipo akili ilipomkaa sawa. Walikuwa wanamngojea atoke.

Alikasirika mpaka akacheka. Mumewe hakucheka. Yeye ni kinyozi, na kwenye kiti chake cha kunyolea watu husema wanayoyafikiri. Mteja mmoja alikuwa amemwuliza, "Sasa mkeo akituongoza sisi, nyumbani wewe nani anakuongoza?" Wembe wakati huo ulikuwa shingoni. Kinyozi akainama taratibu, akasema, "Rudia, sikukusikia." Mteja akasema alikuwa anaulizia hali ya hewa.

Basi hiki kilikuwa kikao cha nne. Fundi aliingia ukumbini mdomo umekauka, akakaa mahali pake kando ya Bucha.

"Shemeji, leo umependeza," Bucha akamwambia.

"Leo nimejikaza, shemeji. Kupendeza ni siku nyingine."

Chai ikaletwa. Tangu kikao cha kwanza madiwani walikuwa wamekubaliana, bila kupiga kura, kwamba birika ni la Fundi. Mwenyekiti alisema tu, "Mama yetu atatusaidia hapo," na mama yao akawasaidia, huku moyoni anawasaidia kwa maneno mengine kabisa. Leo hakungoja kuambiwa. Alilichukua birika mwenyewe, akapita meza hadi meza. Nia yake mwanzoni ilikuwa kuinyima mikono nafasi ya kutetemeka. Nisimsingizie. Lakini kikombe cha pili cha Mwenyekiti alikijaza mpaka ukingoni, na cha tatu kilikuwa cha makusudi.

"Sukari imekolea, Mwenyekiti?"

"Imekolea, mama yetu. Hii ndiyo kazi inayokufaa, sikufichi."

"Basi ongeza kidogo," akasema Fundi, akammiminia cha nne.

Kikao kikaanza, na kikaburutwa. Namba mbili, habari ya mbwa wazururao, ilichukua saa nzima. Kila mtu alikuwa na mbwa aliyemjua. Namba tatu ikarukwa. Namba nne ikaanzwa, ikaachwa, ikarudiwa. Kila baada ya muda Mwenyekiti alimtupia Fundi jicho la huruma.

"Mama yetu, huendi kunyoosha miguu? Usione haya."

"Miguu yangu imenyooka, Mwenyekiti. Tuendelee."

Saa sita ikapita. Fundi alikuwa na kiu inayomkwaruza koo, kichwa kinagonga, lakini hakubanwa na chochote. Aliyebanwa alikuwa mwingine. Mwenyekiti alianza kwa kupishanisha miguu. Kisha akaipishanisha upande wa pili. Kisha akaanza kuwakatiza watu maneno, yeye ambaye asubuhi aliwaacha waeleze ukoo mzima wa mbwa. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, na sauti ikapanda kidogo.

Makamu wake hakuwepo. Alikuwa amesafiri kwenda harusini, pamoja na mwenyekiti wa kamati ya mipango, ambaye ndiye bwana harusi mwenyewe. Na kiti cha baraza hakiachwi kitupu. Kikiachwa, kikao kimevunjika, na banda la magari, namba nane, lingesubiri miezi mitatu. Mwenyekiti akamwinamia katibu wa baraza, mzee mpole aliyeishi na kitabu cha kanuni kama wengine wanavyoishi na miwani.

"Nani anakaa hapa dakika moja tu?"

Katibu akalamba kidole, akafunua. "Makamu. Asipokuwepo, mwenyekiti wa kamati ya fedha."

"Makamu ndiye wa fedha."

"Basi wa mipango."

"Anaoa!"

"Basi wa usafi," katibu akasema, akafunga kitabu.

Hakuna aliyeuliza wa usafi ni nani. Wiki ya kwanza kabisa walimpa Fundi kamati hiyo kwa makofi na vicheko, wakisema usafi ni kazi ya mama tangu enzi. Mwenyekiti alifungua mdomo apinge, lakini mwili ulikuwa umeshaamua kabla yake. Alinyanyuka, akamwashiria Fundi kwa mkono bila kumtazama, akaondoka kwa hatua fupi fupi, na mlango wa nyuma ukafungwa.

Fundi akapanda, akakaa. Kiti kilikuwa bado cha moto. Mbele yake ilikuwa karatasi ya Mwenyekiti yenye orodha ya hoja, na kando ya namba saba, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiyekuwa na wasiwasi, palikuwa na maneno mawili: *akitoka nje*.

Akayasoma. Alijua tayari, lakini kujua si sawa na kuona. Akakumbuka yule msichana na mkono wake.

Bucha akaegemea mbele, akanong'ona kwa sauti iliyofika mpaka dirishani. "Shemeji, ita namba nane. Iite upesi! Mtoa hoja hayupo, banda linaanguka. Fanya kama wanavyokufanyia."

Diwani mmoja akacheka. Wengine wakatoa macho. Hakuna aliyepinga. Wanaume wale walikuwa tayari kabisa kumwona Mwenyekiti wao akipigwa kwa fimbo yake mwenyewe, na wangeisimulia kwa mwaka mzima. Fundi alitamani. Naam, alitamani sana, mpaka mkono wake ukakigusa kinyundo cha Mwenyekiti kilichokuwa mezani. Ingekuwa tamu. Angefika nyumbani, Bi Mkubwa angeangusha ungo.

Lakini akawaza, kesho je? Kesho wao watamngojea yeye tena, na safari hii watakuwa na sababu.

Akakiacha kinyundo. "Katibu, naomba usome kilichoandikwa kando ya namba saba. Kwa sauti."

Katibu akavaa miwani, akasoma. Akarudia, maana wa nyuma hawakusikia. Nyuma ya mlango, maji ya choo yakavutwa kwa kishindo, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Kama wao walisikia yake, yeye alisikia yao.

"Mimi nimeangushwa mara tatu nikiwa chooni," Fundi akasema. "Hapa hakuna asiyejua. Sasa nimekalia kiti, na ningeweza. Siwezi kutoa hoja yangu nikiwa hapa, hilo najua, lakini ya mwenzangu ningeweza kuizika. Sitaki. Sitaki chumba cha wazazi kijengwe kwa hila ya chooni, maana kitabomolewa kwa hila ya chooni. Tumsubiri Mwenyekiti. Akirudi, tukiwa wote, tuulizane kwa mikono."

Basi wakasubiri. Muda ulikuwa mrefu kuliko haja yake. Hatimaye mlango ukafunguka kidogo, kisha ukafunguka wote, na Mwenyekiti akatoka, mikono imelowa, macho chini.

Fundi akasimama, akampisha. "Karibu, Mwenyekiti. Hatujaita chochote. Tulikuwa tunakusubiri."

Mwenyekiti akakaa. Akaitazama karatasi yake, ambayo katibu alikuwa ameirudisha mahali pake kwa adabu. Akakohoa. Hakuwa mtu mbaya moja kwa moja, alikuwa tu mtu aliyezoea. "Namba saba," akasema. "Mtoa hoja."

"Yupo," akasema Fundi.

Alisimama mahali pake, akasema kwa kifupi, kwa sababu koo halikuwa na maji ya hotuba. Kitanda kimoja. Pazia moja. Vidonda upande huu, watoto upande ule. Matofali yapo. Akaketi.

"Nani anaunga mkono?" Mwenyekiti akauliza.

Kimya. Kila mmoja akakitazama kikombe chake. Fundi akawatazama mmoja mmoja. Kumbe yote yale, mkate mkavu na kiu na kiti, yalikuwa ya kumfikisha hapa tu, kwenye kimya hiki, na hapa yeye mwenyewe hana la kufanya.

Kiti cha jirani kikakwaruza sakafu. Bucha alikuwa amesimama.

"Naunga mkono. Binti yangu alijifungua pale mwaka jana. Mimi nilikuwa upande wa pili, nimekaa na bwana mwenye jipu, na yule bwana akaniambia, 'Binti yako ana sauti kubwa.' Nikatoka nje nikalia kando ya ukuta, mtu mzima mimi. Halafu nikaja humu, nikaangalia dari." "Mara tatu nimeangalia dari. Sina zaidi."

Mikono ikaanza kunyanyuka, mmoja huku, mmoja kule, kama watu wanaojikuna. Kisha ikanyooka. Mwenyekiti akahesabu. Hakuamini, akahesabu tena. Ilikuwa minane kati ya kumi na mmoja.

"Imepita," akasema, na kinyundo kikagonga.

Fundi hakupiga kelele. Alichukua glasi ya maji iliyokuwa mezani, akanywa. Akajimiminia ya pili, akanywa. Ya tatu akainywa taratibu, anaionja, na Bucha akawa anamtazama kwa mshangao.

Haikuchukua muda. Namba nane ilikuwa haijaitwa, na banda la magari lilikuwa jambo ambalo alitaka kulipinga kwa mdomo wake mwenyewe. Akasimama. "Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kutoka."

Ukumbi mzima ukamgeukia Mwenyekiti. Akaichukua penseli, akaizungusha vidoleni, akaiweka chini.

"Kikao kitasubiri," akasema.

"Nenda taratibu, shemeji," Bucha akaongeza. "Hatuna safari."

Akavuka uwanja. Jua lilikuwa zuri. Mtunza bohari alikuwa kwenye simu, akamwonyesha kwa kidole kwamba anamalizia, na Fundi akamwambia amalize tu. Akasimama akiegemea yale matofali, ambayo sasa yalikuwa na mahali pa kwenda. Nyuma yake, ukumbini, madiwani wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekaa na vikombe vitupu, hawana la kufanya ila kumngojea. Alifurahi, hakujificha, na hakuharakisha hata kidogo.