Goti la Sefu

Tangu asubuhi Adèle hakutulia. Alifagia karakana ya hospitali iliyokwisha kufagiwa, akachungulia barabarani, akarudi kumwuliza Kasongo kama mguu umetiwa mafuta. Daktari mzima, roho juu juu kama bibi harusi.

Alikuwa na sababu. Yeye na Kasongo, mhandisi wa chuo cha ufundi, walikuwa wametengeneza mguu wa bandia wenye goti la kukunja, kwa mbao na vyuma vya baiskeli. Leo mfadhili alikuwa anakuja kutoka Ubelgiji kuamua kama atagharamia utafiti wao. Akikataa, karakana itafungwa, na Sefu aliyeuvaa mguu huo atarudia magongo.

Aliyewaharibia ni mwenyekiti wa tawi la chama tawala pale hospitalini. Adèle alikuwa ameyapanga mezani magoti yote yaliyovunjika ili mgeni ayachunguze. Bwana mkubwa akaamuru yatupwe mtoni.

"Citoyenne docteur, mugeni hawezi kuona aibu hii ya Zaïre," alisema, kana kwamba ni vyombo vichafu vya nyumbani kwake. Adèle alitii, na kule kutii kulikuwa kukimchoma mpaka sasa.

Mgeni akafika. Akina mama wakacheza, wakaimba sifa za chama. Kisha Sefu, fundi cherehani kutoka Maniema, akaukata uwanja kama askari kwenye gwaride. Mgeni akapiga makofi.

"Hongereni, mmemaliza kazi," alisema kwa Kifaransa. "Lakini pesa zetu ni za utafiti. Tutawatafuta wengine ambao bado wana tatizo."

Mwenyekiti alitabasamu, alisikia hongera tu. Adèle akapiga hatua mbele. Watu walishafukuzwa kazi kwa neno dogo mbele ya chama, naye alilijua hilo vizuri, lakini mdomo ulikwisha kufunguka.

"Hatujamaliza. Akiinuka kutoka chini, goti linaachia."

"Na hatujui kwa nini," Kasongo akadakia. Mwenyekiti akawakazia macho.

Mgeni akaomba kuona. Adèle akamgeukia Sefu, aibu imemjaa, maana alijua mtu huyu hupiga magoti wapi. Ijumaa iliyopita alianguka msikitini, mbele ya wakwe zake.

"Tonton Sefu, utaweza kupiga magoti?"

"Kupiga magoti, ndiyo. Kusali juu ya kuonyesha batu, hapana," alijibu Sefu, asiyetaka sala yake iwe maonyesho ya watu.

Akashuka taratibu. Alipojiinua, goti likaachia, akaanguka kifudifudi. Mmoja wa akina mama waliocheza alicheka, wenzake wakamfinya. Mgeni alichuchumaa kando ya mguu, akalishika goti, akaligeuza huku na huku. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa, kama angeweza kuona tena, polepole zaidi.

Adèle alitaka kumwambia hapana. Alimnyooshea Sefu mkono amwinue, na Sefu akausukuma.

"Acha, maman docteur," alisema, akitema mchanga. "Mugeni bado hayaona muzuri."

Akajikusanya mwenyewe, akasimama, akapiga magoti tena, polepole zaidi.