Makato ya Wafagiaji

Kwa miaka tisa nilitia sahihi kwamba makato ya pensheni ya wafagiaji wa jiji yamepelekwa kwenye mfuko wao. Hayakupelekwa hata mara moja. Meya aliyatumia kwa taa za barabara kuu na kwa safari zake. Bosi wangu, mweka hazina tuliyemwita Kalamu, aliniambia, "Tia sahihi tu, bwana. Mwezi ujao tutarudisha." Mwezi huo haukufika. Mimi nikapandishwa cheo.

Shangazi yangu alikuwa mfagiaji. Ndiye aliyenisomesha, baba alipofariki. Alipostaafu, mgongo umeshapinda, alikwenda kwenye dirisha la pensheni mara nne, akaambiwa faili lake halionekani. Akaja kwangu.

"Wewe uko humo ndani, mwanangu. Hebu niulizie."

"Nitakuulizia, shangazi."

Nilimdanganya macho makavu, kisha nikampa nauli ya kurudi.

Haukupita mwaka, wafagiaji wakagoma. Takataka zikajaa hadi kwenye ngazi za ofisi zetu. Uchaguzi ulipofika meya akabwagwa, na baraza jipya likaunda tume ya kuchunguza makato hayo hadharani. Kalamu akajitia mgonjwa. Nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimejiandaa kusema nilitumwa tu. Lakini nilipoingia ukumbini nilimwona shangazi safu ya pili, akiwaambia wenzake, "Yule ni wetu. Atatusemea."

Mwenyekiti akauliza, "Sahihi hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Ulijua fedha hazijapelekwa?"

"Nilijua. Tangu mwezi wa kwanza."

Sikuthubutu kutazama safu ya pili.

Nilifukuzwa kazi, nikafungwa miezi minane. Meya na Kalamu walifungwa zaidi. Baraza likaamua mfuko wa pensheni uwe na wadhamini wake, wawili wakiwa wafagiaji, mmoja wao mstaafu. Shangazi akachaguliwa.

Nilipotoka nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akanimiminia chai.

"Nimekusamehe," akasema. "Ila wenzangu bado wananiuliza kama na mimi nilijua. Mtoto wangu mwenyewe, nisijue?"

"Unawajibuje?"

"Nawaambia sikujua. Wengine wananiamini."

Hilo sikuwahi kulifikiria, hata gerezani. Niliinamia kikombe. Shangazi alichukua mkoba wake na miwani. Alikuwa na kikao cha wadhamini. Nilitaka kumsindikiza hadi kituoni.

"Hapana, mwanangu," akasema taratibu. "Acha niende peke yangu."