Mikono Iliyohamia Mwakitolyo

"Rubani haji kazini bila mikono, Herman, hata mkokoteni wa ng'ombe una—"

"Kwani mashine imekwambia inataka mikono? Mashine ina—"

"Niache nimalize!"

"Malizia, lakini abiria wanapimwa mabegi, na ndege inaondoka na wewe ndani."

Kapteni Nyamizi alisimama mlangoni pa kontena lililokuwa ofisi ya kampuni, kwenye kiwanja cha ndege cha mgodi huko Geita. Mikono ya shati ilikuwepo, imepigwa pasi vizuri. Mikono mingine, ile aliyozaliwa nayo, ilikuwa imetoroka tangu Jumapili. Ilikatikia kwenye kifundo bila damu wala kidonda, ngozi ikajifunga kama mdomo wa gunia la pamba lililoshonwa na mtu anayejua kazi.

Tangu kampuni ilete ndege mpya, sheria ilikuwa moja: magurudumu yakiacha ardhi, mashine inarusha, rubani anaweka mikono magotini na kuangalia. Nyamizi hakuwa na ugomvi na mashine. Siku nyingi ilirusha vizuri kuliko mtu yeyote. Haikusinzia, haikugombana na mume asubuhi. Yeye aliomba kitu kidogo tu: siku za anga nyeupe aachiwe arushe mwenyewe, mikono isisahau. Herman, rubani mkuu, alikataa. Basi mikono ikaanza kuchoka kukaa. Ikachezea vifungo vya shati, ikajichuna kucha, na Jumapili, katikati ya ibada, ikaipigia kwaya makofi na kuondoka zake kupitia mlango wa pembeni. Nyumbani mumewe, Sostenes, alimlisha ugali, akilalamika tu kwamba anatafuna polepole.

"Siku mashine ikichanganyikiwa," Nyamizi alimuuliza Herman, "nitashika usukani na nini? Meno?"

"Haichanganyikiwi, dada. Nenda kazini."

Akaenda. Rubani msaidizi, Donatus, alibonyeza vya kubonyezwa, mashine ikarusha, wakafika. Abiria mmoja alichungulia mbele, akaona kapteni hana mikono, akauliza kama chai ipo.

Lakini Nyamizi alikuwa ameshaamua. Dalali mmoja wa dhahabu alikuwa amemwambia kwamba huko Mwakitolyo kuna mikono mipya, haina mtu, na inavuta kamba balaa. Alichukua ruhusa, akapanda basi, akamalizia kwa bodaboda, akimwelekeza dereva kwa kidevu.

Aliikuta kwenye duara la Mama Loveness. Duara ni shimo tu la kuchimbia dhahabu, ila ukiliita shimo mbele ya mwenyewe hamtaelewana. Mikono ilikuwa imekamata kamba, inapandisha ndoo ya mawe kutoka chini, mkono juu ya mkono, bila kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Ni yako hii? Nilijua ina mwenyewe, ina pete." Mama Loveness aliitazama kwa huruma ya mtu anayejua atanyang'anywa. "Mikono mizuri sana. Haili, haiulizi mgao lini. Na imejua lugha ya kamba haraka! Kamba ikivutwa kidogo, ndoo imejaa. Ikitikisika mfululizo, ujue mtu anakosa hewa huko chini, hapo hamna kuulizana, ni kuvuta kwa nguvu zote. Juzi imemtoa kijana wangu mmoja mzima."

"Wabeja kwa kuitunza. Nimeifuata."

Mkono wa kushoto uliposikia hivyo ukamgeuzia mgongo. Nyamizi akakaa juu ya kifusi.

"Sijaja kuwarudisha magotini," aliiambia. "Nitawapa kazi, hata kampuni ikinifukuza. Nina watu wengi kwenye ile ndege kuliko waliomo humo shimoni."

"Duarani," alisema Mama Loveness.

"Duarani. Samahani, mama."

Mikono ilimalizia ndoo iliyokuwa njiani, kwa sababu si vizuri kuacha kazi katikati, ikajifuta kwenye suruali ya mtu aliyekuwa karibu, ikaingia kwenye begi. Kulipokucha ilikuwa mahali pake, na malengelenge.

Wakati huo wote nyigu nao walikuwa na kazi yao. Walikuwa wamejenga nyumba ya udongo ndani ya kibomba cha puani mwa ndege, kile kinachoisikiliza hewa na kuiambia mashine mwendo wa ndege. Walijenga vizuri sana, hawakuacha hata tundu. Ndege iliporuka na kushika njia, mashine haikusikia upepo, ikaamini ndege imekosa mwendo na inaanguka. Ikautikisa usukani kuonya. Halafu, ili kuokoa watu, ikaanza kuisukuma pua chini. Mashamba ya mpunga na ng'ombe wa watu vikaanza kukua kwenye kioo.

"Zima mashine, Donatus."

"Kapteni, sheria inasema—"

"Ng'ombe wale wana pembe, unaziona? Zima!"

Donatus akazima. Lakini usukani uliendelea kutikisika mfululizo, na mikono ikaelewa kwa lugha iliyokuwa imetoka kuitumia: kuna mtu anakosa hewa chini. Ikavuta kwa nguvu zote. Pua ikapanda, ikapanda mno, mwendo ukaanza kuisha, na sasa ndege ilikuwa inataka kuanguka kweli.

"Taratibu," Nyamizi aliiambia, kama anavyoambiwa ng'ombe mgeni kwenye jembe. "Hakuna mtu shimoni. Watu wako nyuma, wamekaa kwenye viti. Legezeni."

Vidole vikasita. Kimoja kikalegea, kisha vingine. Mikono ikasikiliza ndege yenyewe, uzito wake, mngurumo wake, ikarudisha pua pale pua inapokaa, ikatulia hapo. Kuanzia hapo hadi chini ilirusha yenyewe, na magurudumu yaligusa ardhi kama mtu anayeweka kikombe mezani.

Jioni Herman alimwita ofisini.

"Kiwandani wamejibu. Mashine ilifuata utaratibu wake. Kibomba kisafishwe, basi."

"Na sheria?"

"Sheria ipo palepale. Aliyeivunja ni wewe. Umesimamishwa kazi. Kesho narusha mimi."

"Kwa mikono?"

"Kwa mashine."

"Ikichanganyikiwa tena?"

"Nitaweka mikono magotini, kama inavyotakiwa."

Nyamizi alivua kitambulisho, akakiweka mezani. Mikono yake ilishafungua kitasa, imeshapanga safari yake, Herman aliposema, "Subiri."

Alishusha pazia. Kwa mkono wa kulia akauchomoa wa kushoto, taratibu, kama mtu anayevua kiatu kipya. Wa kulia akaubana kwenye droo, akauvuta mpaka ukatoka. Ikalala mezani yote miwili, laini, safi, kucha zimekatwa sawasawa.

"Nimesomea kwenye mashine, nimekulia kwenye mashine," alisema, akiitazama. "Hii haijawahi kunitoroka hata siku moja. Hata kutoroka haijui. Dada Nyamizi, nakuomba, kama unapita kwa yule mama wa Mwakitolyo uliyenisimulia, nipelekee."