Glavu ya Koplo

Koplo aliletwa kwenye kituo cha kutunza mbwa nje ya mji wa Kasese akiwa na miaka tisa. Alikuwa mbwa wa polisi. Kazi yake ilikuwa kunusa mizigo Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, hadi miguu ya nyuma ilipoanza kulegea. Aliyemleta ni Lakot, askari wa kike Mwacholi aliyefanya naye kazi miaka sita. Lakot alimfungua mnyororo, akatia sahihi, akaondoka haraka.

Wiki ya pili Koplo alianza kuzunguka. Alizunguka ndani ya banda tangu asubuhi hadi jioni, kila mara akigeukia kushoto, mpaka nyayo zikachubuka.

Mtunzaji wake, Yunia, mama wa makamo kutoka Munkunyu, alikwisha kuona mbwa wengi wakiharibika kwa kukaa bure. Wengine aliwapa chupa za plastiki alizozitoboa na kutia dagaa ndani, vipande vya tairi, na mipira ya majani makavu ya migomba. Mbwa aliyehangaika na chupa asubuhi hakubweka ovyo mchana. Lakini Koplo aliiruka chupa, akaendelea kuzunguka. Mpira aliukanyaga kama jiwe.

Yunia akampigia Lakot simu.

"Afande, hii mbwa yako haichezi. Inazunguka tu."

Lakot akajibu, "Mama, huyo hajui kucheza. Anajua kutafuta."

Jumapili Lakot alikuja na glavu yake kuukuu ya ngozi. Hakwenda bandani kwanza. Alipanga maboksi kumi uani, akaificha glavu chini ya moja, kisha akamwambia Yunia afungue banda.

Koplo alisimama. Masikio yakainuka. Hakumkimbilia Lakot, alishusha pua, akapita boksi moja baada ya jingine, polepole kwa sababu ya miguu. Kwenye la saba akalala chini, akatulia kabisa, kama alivyofunzwa kuonyesha kwamba amepata.

"Ber," Lakot alisema. Kwa Kiacholi, maana yake ni vizuri.

Hapo ndipo Koplo alipoinuka na kumwendea, mkia ukitikisika. Lakot alipiga magoti, akakiweka kichwa cha mbwa kifuani. "Niliogopa kuja," alimwambia Yunia. "Nilifikiri nikija, nitamwumiza zaidi."

Glavu ilibaki kituoni. Kila asubuhi Yunia aliificha: ndani ya tairi, nyuma ya pipa, chini ya magunia. Koplo aliipata, akalala, akangoja neno. Yunia, ambaye lugha yake ni Lhukonzo, alilitamka vibaya, na siku za mwanzo mbwa alibaki amelala, akimtazama tu. Alimpigia Lakot tena, akalirudia neno simuni kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka Lakot akacheka.

Siku ya tisa Koplo aliinuka.

Kuzunguka kulipungua, nyayo zikapona. Hakukwisha kabisa; mvua ikinyesha na kazi ikakosekana, alianza tena. Siku hizo Yunia alificha glavu ndani ya stoo, katikati ya magunia ya unga wa mahindi.

Mwezi wa tatu tangu amlete Koplo, Lakot alifika bila taarifa, akasimama getini. Aliona mbwa akilala mbele ya pipa, akasikia Yunia akisema neno, akaona mkia ukitikisika.

"Amekukubali," alisema.

"Umechukia?"

"Kidogo," Lakot alisema, akaingia ndani.