Salamu Katika Mstari wa 212

"Mia mbili na kumi na mbili," Helen alisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Imekataa tena."

Bol alishuka na kidole chake kwenye karatasi, taratibu, mpaka akaufikia mstari huo. Saa tisa alasiri. Jenereta ya parokia ya Lodwar ilizimwa saa kumi na moja kila siku, na kesho saa tano lori lingerudi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Barua yake ya ruhusa ya kutoka kambini ilikuwa inaisha kesho hiyo hiyo. Ijumaa yeye na wenzake watatu wangefanya mtihani wa Kilatini wa kuingia seminari. Mwaka jana wote wanne walianguka.

Programu waliyokuwa wakiijaribu ilikuja kwa disketi, mkononi mwa padre mgeni. Ilifundisha sarufi ya Kilatini kwa maswali na majibu, lakini maelezo yake yalikuwa Kiingereza kizito, na wenzake Bol walisoma kwa Kiarabu. Kiswahili walikiokota kambini. Aliyeitunga alisema pale mwanzoni kwamba ni ya bure, na yeyote anaweza kuibadilisha na kumpa mwingine, mradi naye asimzuie mwingine kufanya hivyo. Bol aliyasoma maneno hayo mara tatu kabla ya kuyaamini. Kisha akaomba programu nzima ichapwe kwenye karatasi, akaenda nayo Kakuma, akaiandika upya kwa mkono, maelezo yakiwa kwa Kiswahili. Kila Jumanne alimpa dereva wa lori kurasa chache amfikishie Helen, karani wa parokia, azipige kwenye kompyuta. Wiki iliyopita shule moja kambini ilipata kompyuta kuukuu. Sasa ilibaki disketi tu ya kupeleka huko.

"Nisomee kilichoandikwa hapo," Bol alisema.

Helen alisoma. "Ejok, dada Helen. Sisi huku wazima. Mtoto amepona malaria?"

Bol aliiweka karatasi mezani.

"Dada, hiyo ilikuwa salamu yako."

"Najua ni yangu! Nilifurahi sana."

"Lakini umeipiga ndani ya programu."

"Si uliandika kwa karatasi? Chuoni tulifundishwa, karani hachagui. Iliyoandikwa inapigwa." Alipekua kurasa. "Kumbe ziko kila ukurasa! Bol, wewe umenisalimia mara thelathini na nane. Hata bwanangu hajawahi."

"Ningekutumiaje karatasi bila salamu? Ingekuwa kama kukutuma kazi."

Helen alicheka mpaka akashika meza, na Bol, aliyekuwa tayari kuomba msamaha, akajikuta anacheka pia. Kisha akakumbuka saa, akanyoosha mkono kwenye kibodi ili afute.

"Wee! Usifute," Helen alisema. "Mzungu mwenyewe aliyeitunga ameandika maneno yake humu ndani, na kompyuta haimkatalii. Anaweka nini mbele?"

Bol alitazama. Mbele ya kila mstari wa maneno hayo ya mtunzi palikuwa na alama ndogo, ya kuiambia kompyuta ipite bila kusoma. Waliiweka mbele ya salamu ya kwanza. Kompyuta ikapita, ikakwama ukurasa uliofuata. Wakaweka nyingine. Bol akitafuta kwenye karatasi, Helen akipiga, wakaenda hivyo bila maneno mengi.

Walipofika ukurasa wa ishirini na nne, sehemu ya kwanza ilifunguka. Swali likatokea kwa Kiswahili. Bol alijibu haraka mno, akakosea, na kompyuta ikamweleza kosa lake kwa maneno aliyoyaandika mwenyewe kambini. Akajaribu tena. Sawa.

"Mwaka jana sarufi hii ndiyo ilinimaliza," alisema polepole.

Jenereta ikakohoa. Helen aliwahi kuhifadhi kazi kwenye disketi kabla kioo hakijazima.

"Zimebaki kumi na nne. Wanawasha saa moja asubuhi," alisema, akiweka jiwe juu ya karatasi ili upepo usizichukue. "Uje umekunywa chai, hatutasimama."

"Nitakuwa mlangoni saa kumi na mbili na nusu."

"Na mtoto alipona," Helen akasema, akitafuta funguo.